Nusu kwa Nusu ya Fundi Sawasawa

Majirani walimbandika jina la Sawasawa, naye akalizoea hadi akawa analiitikia upesi kuliko jina lake mwenyewe. Alikuwa fundi cherehani, na kwenye kazi hakuwa na mchezo: mkono wa gauni ukizidi mwenzake kwa upana wa uzi, anafumua na kuanza upya, mteja apende asipende. Lakini jina hilo hakulipatia kwenye nguo. Alilipatia kwa mapacha wake.

Wasichana wawili, miaka tisa. Mmoja aliitwa Kasuku kwa kuwa mdomo wake haukuwa na likizo, mwenzake akaitwa Kimya, na sababu unaiona. Sawasawa akikata chungwa, anapima kwa macho kwanza. Akinunua viatu, ni jozi mbili siku moja, la sivyo wote wanasubiri. Ukimuuliza, atakwambia alilelewa kwa kubaguliwa: dada yake alivishwa vipya, yeye akavalishwa vilivyochoka, hata daftari za shule alipewa zile zilizobaki kurasa tatu nne. Donda hilo halikupona. Alikula kiapo kwamba wanawe hawatalijua.

Basi ikaja homa ya ini, ile aina ya B. Aligundulika nayo yeye kwanza, alipokwenda kupima mambo mengine kabisa, kisha wakapimwa watoto, wakakutwa nayo wote wawili. Waliipata kwake siku walipozaliwa. Daktari alimwambia hivyo bila kuzunguka, na tangu hapo Sawasawa hakulala usingizi wa kushiba.

Mwaka wa vipimo ukapita. Daktari, mwanamke wa makamo asiyependa kuharakisha maneno, akamwita na kumweleza jambo lililogoma kumwingia akilini. Virusi vya Kasuku vilikuwa vimetulia, na ini lake lilikuwa zima. Vya Kimya vilikuwa vikizaliana kwa fujo, na ini lilikuwa limeanza kuumia. Kimya aanze dawa, kidonge kimoja kila siku. Kasuku hahitaji, aje tu kupimwa kila miezi sita.

"Dokta, hawa wamelala tumbo moja," Sawasawa alisema. "Wanakula sahani moja. Ugonjwa ni mmoja, tena umetoka kwangu mimi. Iweje huyu aumie na huyu acheze?"

"Tumbo moja ndiyo, mama, lakini si mapacha wa kufanana. Kila mmoja alichukua fungu lake la vinasaba, vingine kwako, vingine kwa marehemu baba yao. Baadhi ya vinasaba hivyo ndivyo vinavyoelekeza mwili upambane vipi na virusi. Hatujui yote. Ila inaelekea Kasuku amerithi kinga inayovidhibiti, na mwenzake hakubahatika."

Hapo ndipo mama wa watu alipokwama. Amerithi! Yaani hata ndani ya damu yake, bila yeye kuulizwa, mmoja kajaziwa na mwingine kapunjwa. Na aliyepunja ni nani kama si yeye? Alirudi nyumbani na chupa moja ya vidonge.

Asubuhi iliyofuata alimpa Kimya kidonge. Kasuku naye akakinga kiganja, akangoja. Hakusema neno, na Kasuku asiposema neno ujue limemchoma. Hofu nayo ikamjia Sawasawa: hivyo virusi vilivyotulia, vikiamka je? Akachukua wembe mpya katika zile anazofumulia mishono, akakigawa kidonge katikati juu ya meza ya kukatia. Nusu huyu, nusu yule. Usimcheke. Siku hiyo alihisi ametenda haki, na kwa miezi minane akaitenda kila asubuhi kabla ya shule.

Siku ya majibu daktari alisoma karatasi, akavua miwani, akaivaa, akasoma tena.

"Mama, virusi vya Kimya havijashuka inavyotakiwa. Na ini limeanza kuweka makovu. Dawa anameza kila siku?"

"Kila siku, dokta. Haijapita hata moja."

"Una hakika? Maana kama ni hivyo, itabidi niseme dawa hii haimfai."

"Nina hakika." Na kweli, hakuna siku iliyopita bila kidonge, ila wembe hakuutaja.

Kasuku, aliyekuwa akibembeza miguu kitini, akaona watu wazima wanajisumbua bure. "Tunameza wote," alisema. "Mama anakata na wembe. Mimi nusu, yeye nusu. Zinalingana kabisa."

Daktari hakugomba. Afadhali angegomba. Alieleza taratibu kwamba nusu haikumtibu Kimya, na kwamba Kasuku alimezeshwa asichohitaji, na sasa akiacha naye itabidi achunguzwe kwa karibu. Ini la Kimya linaweza kupata nafuu akimeza kidonge kizima. Kwa kiasi gani, hakuweza kuahidi.

"Nilitaka wawe sawa," Sawasawa alisema.

"Hawako sawa, mama. Hawajawahi kuwa."

Asubuhi yake aliwakalisha wote wawili, akawaeleza kama alivyoelezwa, akampa Kimya kidonge kizima na kikombe cha maji. Kasuku aliinama akafunga kamba za viatu vyake. Kimya akatia kidonge mdomoni. Ukasikika mlio wa jino. Akatoa kipande kilicholowa mate, akamnyooshea pacha wake.

"Chukua yako."

"Rudisha mdomoni," Sawasawa alisema. "Meza."

"Na yeye?"

"Yeye hapati."

"Basi na mimi sitaki."

Akakiachia kipande cha mkononi, akakitema na kile kingine, kisha akakaza meno, mtoto ambaye hakuwahi kumbishia mama yake hata siku moja. Sawasawa alipiga magoti, akavikusanya vipande vyote viwili, akamshika taya mwanawe huku machozi yakimtiririka, akaanza kumfumbua mdomo kwa nguvu.