Fungu la Mama Adolfina

Mwanangu, kuna siku moja naikumbuka kuliko nyingine zote. Ilikuwa mwezi wa tisa, enzi za Zaire, nami nilikuwa nimeinama ufukweni hapa Kalemie nikigeuza ndagala juani, wale dagaa wetu wa ziwani. Mikono ilikuwa kwenye ndagala zangu, macho yalikuwa kwenye za Mama Adolfina. Nakueleza haya kwa sababu juzi ulikuja kuniambia wenzako wote wamechukua mikopo rahisi, na ulipotaja jina la jirani yako uliuma meno. Meno hayo nayajua, yalikuwa yangu.

Mimi na Mama Adolfina tuliishi mlango kwa mlango. Waume zetu walifanya kazi bandarini na wote wawili walilipwa kwa kuchelewa. Sisi wake tulikausha ndagala na kuzituma Kabalo kwa treni. Tulianza pamoja, kila mtu na beseni lake moja. Sasa kwa nini yeye aliezeka mabati na mimi nikabaki chini ya nyasi za nyumba ya kupanga? Mvua ikipiga yale mabati yake nilihisi ananisema mimi.

Njia yake haikuwa siri. Karibu na stesheni kulikuwa na mfanyabiashara mwenye ghala, tuliyemwita Papa Depo, na kwa miaka kadhaa aliwakopesha wanawake wa ndagala kwa faida, yaani riba, ndogo mno. Pesa ya Zaire ilikuwa ikishuka thamani kila mwezi. Ulikopa bei ya magunia kumi wakati wa kiangazi, ukangoja masika ndagala ziwe adimu, ukauza matatu tu, deni likaisha. Yaliyobaki yalikuwa yako. Mama Adolfina alikopa hivyo mwaka hadi mwaka. Mimi mwoga niliweka akiba kwenye kopo, na kila nilipolifungua lilinunua chumvi kidogo kuliko mara iliyotangulia. Mwenye kukopa alipanda, mwenye kujinyima alishuka. Jambo hilo lilinikera, na bado linanikera.

Basi mwaka ule nikaamua kukopa. Lakini nilitaka kwanza nione yeye anachukua kiasi gani, ili nimpite. Nikangoja, giza moja zima likapita. Giza ndiyo siku zisizo na mwezi, wavuvi wetu wanapowasha taa na ndagala kuzifuata; mbalamwezi ikitoka, mitumbwi inalala. Yeye alinunua ndagala kwa pesa zake mwenyewe, wala hakwenda depo. Na siku hiyo ninayokuambia akaja, akachuchumaa kando ya beseni langu.

"Mama Pauli, mwaka huu mimi sikopi. Ule Papa amebadilisha karatasi. Hataki tena feza, anataka magunia. Uangalie muzuri mbele ya kutia mukono."

"Na faida?"

"Faida hakuna. Njo kile kinaniogopesha."

Mtoto wa darasa la pili angemwelewa: pesa hushuka, gunia halishuki. Mimi nilisikia mtu aliyeshiba akinifungia mlango wa jikoni. Nikajisemea, huyu ameshaezeka, hataki na mimi niezeke.

Nikajifunga kitenge changu cha Jumapili, nikaenda. Papa Depo alinipa kiti. Karatasi ilisema nipokee bei ya magunia kumi, nirudishe magunia kumi yenyewe kabla ya Noeli, bila faida yoyote. Dhamana ilikuwa parsele yetu, kiwanja ambacho baba yako alikuwa amepanga matofali ya kuchoma kidogo kidogo kwa miaka mitano. Hati yake nilikuwa nimeichukua sandukuni bila kumuuliza. Nikatia mkono wangu chini ya karatasi. Kisha yule mzee akasema, "Fungu la Mama Adolfina limebakia. Bei ya magunia kumi ingine. Nimupe nani?"

"Unipe mimi," nikasema, naye hajafunga mdomo.

Nilitoka pale kichwa juu, kwa sababu hatimaye nilikuwa nimechukua kitu chake. Kumbe miaka ile ya mikopo rahisi ilikuwa imetuzoesha vibaya. Tulidhani deni ni kitu kinachopungua chenyewe. Papa Depo alikuwa amepata hasara ya kutosha, akajifunza mapema kuliko sisi.

Giza lililofuata nilijaza magunia manane. Giza la mwisho kabla ya Noeli mvua iliwahi, ndagala zikaloa mchangani, zikatoa funza. Nikanunua nyingine, bei ilikuwa imeshapaa, na pesa yote iliyobaki ikaniletea magunia matatu. Wiki ya Noeli nilikuwa na kumi na moja tu kati ya ishirini.

Asubuhi moja Mama Adolfina akaingia uani kwangu na mkokoteni. Juu yake magunia tisa.

"Uyatwae," alisema. "Utanirudishia kiangazi, gunia kwa gunia."

Niliyafungua moja moja, mwanangu. Nilikuwa natafuta funza. Ningeona hata mmoja ningefurahi. Zilikuwa kavu, safi, zinang'aa. Iliniuma kwamba anazo, ikaniuma zaidi kwamba anaweza kuzitoa.

"Kwetu hatuombake vya watu," nikamwambia. Akageuza mkokoteni wake na magunia yote tisa.

Parsele ilikwenda kwa Papa Depo, na matofali yake. Umewahi kuniuliza kwa nini baba yako alizeekea nyumba ya kupanga, na kwa nini ninyi hamkurithi hata kipande cha ukuta. Sikukujibu. Leo nimekujibu.

Sasa usikie. Mkopo ukiwa rahisi, usiulize faida tu, uliza utalipa kwa kitu gani na katika majira gani. Pesa ikikaa rahisi miaka mingi, ujue anayeitoa ndiye atakayeamka kwanza. Na ukiona wivu umekushika, usitie mkono kwenye karatasi yoyote siku hiyo. Nenda kwa huyo unayemwonea wivu, mwulize anaona nini, na akikupa kitu, pokea.

Mama Adolfina bado yuko pale pale. Mabati yake yameshika kutu, yanavuja. Nikiyaona nafurahi kidogo, halafu naona haya. Nimezeeka na wivu huo, sitaki uurithi.

Mungu akupe masikio ambayo mimi sikuwa nayo. Akupe paa lako mwenyewe, hata la nyasi, na jirani mwenye paa zuri kuliko lako, na moyo wa kulala usingizi mvua inapolipiga lake.