Ndege Aliyempitia Kassim

Nilipokuwa mtoto kule Bongwe, niliwajua kwa majina ndege wote wa njia ya kisimani, na nilijivunia jambo hilo kupita kiasi. Siku moja nikamwona nisiyemjua. Alikuwa mkubwa, mweupe, mabawa yana weusi, na uso hauna manyoya, ngozi tupu nyekundu. Nilikuwa nimembeba mgongoni mdogo wangu Kassim, ambaye hata meno alikuwa hajaota. Ndege aliruka kutoka kwenye mchikichi, akapita chini chini juu yetu.

Kesho yake Kassim alishikwa na degedege. Mwili moto, macho yamegeuka, mikono inajikunja. Kwetu hakuna aliyehitaji kuuliza. Ni nyuni, pepo wa ndege anayempitia mtoto mchanga kwa juu na kumwachia ugonjwa. Bibi yangu, mama yake Mama, ndiye aliyekuwa akitibu nyuni pale kijijini. Kwa kila ndege alikuwa na mzizi wake wa dawa: wa bundi, wa mwewe, wa kunguru. Ila sharti ndege ajulikane kwanza.

"Alikuwa ndege gani, mjukuu wangu?"

"Simjui, Bibi."

"Fikiri vizuri. Mwewe?"

"Siye, Bibi. Mwewe namjua."

Mama alikuwa analia. "Mama, niruhusu nimpeleke hospitali, Msambweni."

"Mwanangu, akidungwa sindano huku nyuni bado yumo mwilini, hutarudi naye. Nimewazika wangapi hivyo? Ngoja tumjue ndege."

Basi Bibi akanishika mkono, tukaenda kumtafuta. Asubuhi nzima tulizunguka mashambani tukitazama juu mpaka shingo zikauma. Magoti yake yalikuwa mabovu, lakini hakupumzika. Kila ndege aliporuka aliniuliza, "Huyu?" Nami nikasema siye, na uso wake ukazidi kusawijika. Watu wakisikia habari hii humlaumu, na mimi hukasirika. Sijaona tena mtu akimhangaikia mtoto namna ile. Lakini saa tulizozipoteza zilikuwa za Kassim.

Tuliporudi, mlango ulikuwa wazi na nyumba haina mtu. Mama alikuwa ameshindwa kuvumilia, amekimbilia barabarani akapanda bodaboda na mtoto.

Kassim alidungwa sindano na hakufa. Malaria ilikuwa imempanda kichwani, na daktari alisema amecheleweshwa. Leo ana ndevu, lakini hasemi neno, na Mama humlisha kwa kijiko. Bibi alizitupa dawa zake zote, na hakumtibu mtoto mwingine mpaka alipofariki.

Mwaka jana, katika hoteli ninakofanya kazi Diani, mgeni mmoja alinionyesha picha alizopiga porini. Nikamwona ndege wetu. Mgeni akanieleza kwamba huyo ni aina ya tai, ila chakula chake hasa ni matunda ya michikichi. Matunda! Nilikwenda stoo nikalia kwa hasira.

Niliinakili picha ile kwenye simu yangu, nikaenda nyumbani kumwonyesha Mama. Nilitaka ajue kwamba ndege yule hakuwa na lolote, kwamba tulimwogopa bure. Aliitazama, Kassim amemwegemea begani.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye, Mama."

Akamfuta Kassim mate mdomoni, kisha akaniangalia kwa matumaini yaliyonitia uchungu.

"Basi tumeshamjua. Mzizi wake ni upi?"

Nilidhani siku ile alipopanda bodaboda alikuwa ameacha kutungoja. Kumbe mpaka leo anatungoja turudi na jina la ndege.