Tulivyopanda Maporomoko Kwa Jirani

Juzi nilipita kwa dada yangu, pale nyuma ya soko la Kitengela, nikamkuta mwanawe na wenzake wanne wamejazana sebuleni. Kila mmoja amejiziba masikio, kila mmoja ameinamia simu yake, na hakuna aliyeinua uso kuniamkua. Nikawauliza wanafanya nini.

"Tunacheza, aunti. Tuko pamoja."

Pamoja! Mmoja alikuwa anapigana na mtu wa nchi nyingine, wa pili anamtukana mtu asiyemjua, wa tatu anangoja chaji. Angechukuliwa mmoja wao akapelekwa hospitali, wenzake wangejua kesho yake. Kwenye rafu kulikuwa na mashine ya gemu ya zamani, zile za kuchomeka kaseti, ambayo shemeji yangu ameinunua kama pambo. Mpwa wangu alipoona naitazama, akashika padi moja ya kuchezea, akashika na ya pili, akaniuliza kama hiyo ya pili ni ya akiba ile ya kwanza ikiharibika.

Ningeanzia wapi? Ungekuwepo wewe, wa rika langu, ungejua hiyo padi ya pili ni ya nani. Kwa hiyo acha nikueleze wewe.

Kitengela ninayoisema ilikuwa maduka machache kando ya barabara ya Namanga na uwanda mtupu nyuma yake. Wakati wa kiangazi nyumbu walipita karibu na choo chetu, na upepo ulituletea vumbi la simiti kutoka Athi River likakaa juu ya nguo zilizoanikwa. Mama yangu alishona mashati katika kiwanda kimoja huko Athi River, anatoka alfajiri na kurudi akiwa hawezi hata kusema. Nililelewa na nyanya. Kazi zangu zilikuwa kuchota maji ya bomba la jirani, maji ya chumvi ambayo hata chai yake ilikuwa na ladha ya machozi, na kuchambua muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa ambayo nyanya aliletewa na watu wake kutoka Machakos. Alipika muthokoi kila siku, na mtaa mzima ukamjua kwa hiyo.

Jirani yetu alikuwa mfanyabiashara wa mifugo, mtu wa Garissa, mwenye ndevu nyekundu za hina na sauti ya kuita ng'ombe. Nyumba yake ilinukia iliki na anjera, mkate wao mwembamba wenye vishimo, ambao mkewe aliupaka samli na sukari akatugawia ukiwa bado moto. Bintiye tulikuwa darasa moja. Na siku moja, baada ya kuuza mbuzi vizuri, yule mzee alirudi kutoka Nairobi na sanduku la mashine ya gemu, lililoandikwa kwamba lina michezo elfu tisa mia tisa tisini na tisa.

Uongo mtupu. Michezo ilikuwa kumi na mmoja, imerudiwarudiwa kwa majina tofauti. Nilikuwa na miaka kumi na moja na tayari nilijua kwamba anayetengeneza kitu kama hicho anatuona sisi wajinga. Lakini mmoja kati ya hiyo kumi na mmoja ulikuwa wa watu wawili, na huo ulitutosha.

Wanajeshi wawili vifua wazi, mmoja suruali ya buluu, mwingine nyekundu, wanakimbia msituni wakipiga risasi. Hawapigani wao kwa wao, wanasaidiana. Mmoja akifa mara tatu anaweza kuchukua uhai wa mwenzake, kwa kubonyeza tu, hata bila kuomba. Na hatua ya tatu ni maporomoko ya maji. Hapo mnapanda juu kwa kuruka kutoka jiwe hadi jiwe, na kioo kinapanda pamoja na yule aliye juu. Ukipanda haraka, mwenzako aliye chini anamezwa na ukingo wa kioo, anakufa. Hakuna adui aliyemuua. Umemuua wewe, kwa haraka yako.

Binti wa jirani na mimi tulicheza hivyo mwaka mzima, jioni baada ya yeye kutoka madrasa na mimi kumaliza maji. Tulikaa kwenye zulia, magoti yakigusana, kwa sababu nyaya za padi zilikuwa fupi. Yeye alikuwa mwangalifu, mimi wa papara. Kwenye maporomoko alisema, "Ngoja," nami nangoja. Mimi nikisema, "Sasa," anaruka. Na akiishiwa, hakubonyeza kuchukua wangu. Aliniomba kwanza. "Nipe moja?" Kila mara aliomba, ingawa mashine haikumlazimisha. Kaseti ile ilikuwa na mlango wa kuanza na uhai thelathini badala ya tatu, na watoto wote wa mtaa walipitia huko. Sisi tuliwadharau. Uhai thelathini ni wa mtu anayepanga kufa.

Nyanya naye alitudharau sisi. Alikuja mara moja kunitafuta, akasimama mlangoni, akatazama kioo, akatutazama. "Watoto wawili wazima wanapigana na taa," alisema, kisha akakubali chai.

Lakini dharau yangu kubwa niliiweka kwa kaka yake yule binti. Alisoma bweni Kajiado, na kila likizo alirudi akiwa mrefu zaidi na mjinga zaidi. Akiingia sebuleni ilibidi mmoja wetu ampishe. Alicheza kama mtu anayekimbizwa na nyuki: anatangulia, anakuacha, anaokota silaha zote nzuri, anakufa, kisha anabonyeza kuchukua uhai wako bila hata kukutazama. Alijiita bingwa. Hakuwahi kuvuka hatua ya nne. Nilimchukia kwa starehe, kama vile mtu anavyojikuna.

Basi ikafika Idd. Nyumba ya jirani ilijaa wageni, viatu vimezagaa mlangoni, pilau ikipita juu ya vichwa kwenye masinia. Siku hiyo tulikuwa tumeruhusiwa kucheza tangu asubuhi, na tulikuwa tumeahidiana kuimaliza gemu. Tulishafika hatua ya mwisho mara mbili. Yeye alivaa dira mpya, lile gauni lao pana, ya rangi ya zambarau, mikono imechorwa hina, akaniambia hina ikiharibika kwa sababu ya padi mama yake atamtoa roho.

Kaka yake alikuwa amekuja na marafiki saba au wanane wa shule yao. Walisimama nyuma yetu wakila.

"Hawa wasichana watafika wapi?" mmoja akauliza.

Tukafika. Hatua ya kwanza, ya pili. Vicheko vikapungua. Kwenye maporomoko mmoja wao akaanza kunisifu mimi, si sisi. "Huyu wa buluu ni moto! Huyu mwekundu ndiye anamvuta nyuma." Wengine wakadakia. Mimi, msichana ambaye jana yake alikuwa anachambua muthokoi, nikasikia wavulana wa bweni wakiimba, "Panda! Panda! Mwache!"

"Ngoja," binti wa jirani akasema.

Nikapanda.

Sitakuambia kidole kiliteleza. Nilimwona yuko chini, nilijua jiwe lililofuata lingemfuta, nikaruka. Wavulana wakapiga kelele za furaha. Aliporudi nikafanya hivyo tena. Na mara ya tatu. Mwanajeshi wake mwekundu alipoisha, aliweka padi mapajani, akanigeukia, akasema kama kawaida yake:

"Nipe moja?"

Niliwatazama wale wavulana kabla ya kumjibu. Hiyo ndiyo sehemu inayonikera hadi leo, kwamba nilitazama. Kabla sijasema lolote kaka yake aliinama, akaichukua padi mapajani mwake, akabonyeza, akajichotea uhai wangu mmoja, akajipenyeza kuketi mahali pake. "Wewe enda umsaidie mama," akamwambia.

Na mimi nikasogea kidogo ili apate nafasi.

Yeye aliinuka akaenda jikoni. Hakulia, kama ulikuwa unataka kujua. Mimi niliendelea kucheza. Nilimbeba yule kaka yake hatua baada ya hatua kama gunia la makaa. Alikufa kwenye theluji, akafa kwenye moto, kila mara akinichotea uhai, na mimi nikiokota mwingine. Mwishowe nilibaki na mmoja tu, yeye hana kitu, amekaa anatoa amri. "Kushoto! Piga huyo! Nilikuambia!" Nikalipiga lile dude la mwisho hadi likapasuka.

Unajua ushindi wenyewe ulikuwa nini? Helikopta ndogo ikaruka kutoka kisiwani. Kisiwa kikalipuka, na mlipuko wenyewe ni mistari michache kama mapovu. Yakaja maneno mawili matatu ya Kiingereza ya kutupongeza, yamekosewa herufi. Halafu gemu ikarudi mwanzo, msitu uleule, kana kwamba hakuna aliyefanya chochote. Na wale wavulana, wapumbavu wale, wakamwinua *yeye* mabegani. Wakamtoa nje wakiimba. Mimi nikabaki kwenye zulia na sinia tupu la pilau.

Nilipomsimulia nyanya jioni hiyo, alikuwa anawasha jiko uani. Alisikiliza hadi mwisho. "Kwani huyo kijana alikuwa amekupikia nini?" akauliza. Kisha akapuliza makaa.

Kesho yake nilienda kwa jirani. Mama yake alisimama mlangoni, mpole kama siku zote, akasema binti ana kazi. Siku iliyofuata pia alikuwa na kazi. Shuleni alihamia dawati la mbele. Mimi, badala ya kumwendea niseme nimekosa, nilijiambia kwamba ana maringo, kwamba ni gemu tu, kwamba hakuwa na kasi. Mtu mwenye hatia huwa na maneno mengi. Kabla ya mwaka kuisha baba yake aliamua kuhamia Kajiado mjini, karibu na soko la mifugo. Lori lilipakiwa asubuhi. Nilitazama kutoka bombani na mtungi wangu, nikingoja anione. Aliniona. Akapanda mbele na mama yake, akafunga mlango.

Miaka ilipita mingi. Mwaka huu nilikwenda Kajiado kufuatilia karatasi za shamba, nikazungushwa ofisi hadi ofisi, na kabla ya kurudi nikaingia duka la dawa za mifugo kununua dawa ya kuku. Mama wa Kimaasai alikuwa mbele yangu anauliza dawa ya kupe, na mwenye duka akimjibu kwa Kimaa kizuri tu. Nilipofika mbele, mwenye duka akanikazia macho.

"Wewe si mjukuu wa yule nyanya wa muthokoi?"

Ni yeye, binti wa jirani. Amenenepa, ana miwani, ana sauti ya baba yake. Akaagiza chai, tukaketi nyuma ya magunia ya chumvi ya ng'ombe. Aliuliza habari za nyanya, nikamwambia tulimzika. Akaomba dua fupi. Kaka yake yuko ng'ambo, anaendesha malori, bado anajiita bingwa wa kila kitu. Tulicheka. Nilipoona tumecheka, nikapata ujasiri nikamwambia kwamba nimekuwa nikitaka kumwomba msamaha kwa ile siku ya Idd, kwenye maporomoko.

Alitafuta kichwani. "Ile gemu?" Akaweka kikombe chini. "Kusema ukweli, dadangu, mimi hata sikuwa naipenda. Ilikuwa inaniuma macho."

Nikamuuliza kwa nini basi alicheza mwaka mzima.

"Si kwa sababu mama alikuwa ananitaka jikoni? Mgeni akiwa ndani, naachiliwa nikae naye. Bila ile mashine wewe ungekuja kufanya nini kwetu? Nilikuwa nataka ukae." Akanitazama juu ya miwani. "Na siku hiyo ulimsogezea kaka nafasi. Hiyo ndiyo nakumbuka. Ile kusogea."

Mteja akaingia, naye akainuka kumhudumia. Aliporudi tulizungumzia bei ya nyasi.

Nyumba ya jirani ilishabomolewa, pale pamesimama ghorofa tano zenye matangi meusi juu. Nyumbu hawapiti tena, hawana pa kupita. Watu wa rika langu wakikutana hupenda kuomboleza zile mashine, ati gemu za zamani ndizo zilitufundisha kushirikiana. Upuuzi. Mashine ilikuwa bati na uongo wa Kichina, na haikumfundisha mtu kitu; ilimpa kila mmoja nafasi ya kuonyesha alivyo, na mimi nilionyesha. Kilichopotea ni mtoto mmoja aliyevumilia macho kumuuma mwaka mzima ili nikae karibu naye, na nilikaa pale goti kwa goti nikidhani tunatazama kioo.

Aliniandikia namba yake nyuma ya paketi ya dawa. Kuku walishapona. Sijampigia bado.