Redio Isiyongoja Kupata Moto

Bi Mwanamkuu wa Chemchem, mshona kofia, hakuwa mtu wa kutupa kitu. Redio yake kubwa ya mbao ilipoungua taa za ndani zinazoipa sauti, mwenye duka alimwambia taa zile haziletwi tena, anunue redio mpya.

"Mpya ya nini, na sanduku zima hili?" akafoka, akaipeleka kwa fundi Mabruki.

Mabruki akang'oa matumbo yote ya zamani, akapachika ya transista yanayotumia betri za tochi.

Miaka yote Bi Mwanamkuu aliwasha redio kwanza, kisha, wakati inapata moto, akapita kuwaita majirani. Walipokwisha kukaa mkekani ndipo sauti ilipotoka. Jioni redio iliporudi kwa fundi akawasha, akageuka aende kuwaita. Hata mlango hajaufikia, redio ikanguruma: "Hii ni Redio Tanzania, Dar es Salaam!"

"Ngoja wewe! Watu hawajafika!"

Redio haikungoja; matumbo mapya hayakuwa na haja ya kupata moto. Bi Mwanamkuu akacheka hadi machozi, akajitwika sanduku lile kichwani likisoma habari, akatoka nalo mbio barazani.

"Majirani, tokeni! Leo habari zimewafuata zenyewe!"