Nzisa na Mkunjo wa Siri

Ukimwona Mwalimu Nzisa akipita hapa Noonkopir na kapu la sukuma wiki, huwezi kudhani kwamba aliwahi kuifunga siri ikafungika. Mimi ni jirani yake, na niliyaona.

Mwaka wa 2006 mumewe, Mulei, alikuwa fundi wa umeme Magadi, akija nyumbani mwisho wa mwezi. Barua pepe alizisomea kwa Makau, mwenye saiba ya huko, duka la kukodisha intaneti, na Makau alizisoma za watu wote bila haya. Ndivyo mimba mbili za Nzisa zilivyotangazwa Magadi nzima. Zilipoharibika, pole zikamiminika hata kutoka kwa watu asiowajua, zikamchoma. Sasa alikuwa na ya tatu.

"Si ungoje Mulei akuje?" nikamwuliza.

"Rahab, siwezi kaa na hii kitu peke yangu. Niko na uoga. Na hii, Makau hasomi."

Alikuwa amesoma habari za hesabu mpya ya kufungia siri, iitwayo mkunjo duaradufu, nyepesi hata kwa kompyuta kuukuu ya shule. Akaandika programu, na Mulei aliporudi Magadi mara ya mwisho alikuwa ameondoka na nakala yake kwenye disketi. Kila mmoja alichagua namba ya siri, akaipitisha kwenye mkunjo, akamtumia mwenzake jibu. Makau aliyaona majibu yote mawili na hayakumfaa kitu, kwa sababu hayarudi nyuma kuonyesha yalikotoka. Lakini kila mmoja alipochanganya siri yake na jibu la mwenzake, wote wawili walipata ufunguo mmoja. Mimi nilisema huo ni uchawi. Nzisa akaufunga ujumbe kwa ufunguo huo, akautia na sahihi ya hesabu, Mulei ajue hakuna aliyeuchezea.

Makau alifungua, kama Mulei alivyotusimulia baadaye, akaona herufi za ovyo tu. Nilifurahi sana, mbea yule!

Mulei akatia disketi, akasoma, akaruka kitini. "Mke wangu ako na mtoto!" Saiba nzima ikapiga makofi.

Kesho yake alikuwa mlangoni, mwisho wa mwezi ukiwa bado mbali. Nzisa alikuwa amefura kwa hasira, kwani pongezi za Magadi zilikuwa zimeshamfikia.

"Ulipayuka, Mulei!"

"Nilisahau kuogopa," akasema.

Nzisa akamwangalia, kisha akacheka hadi akaketi chini.

Wayua alizaliwa salama. Siku hiyo Nzisa alimwandikia Makau mwenyewe, wazi, bila kufunga hata neno moja.