Kikombe Kisichotikiswa

Jirani wa Bi Rumaitha, pale mjini Ibra, hakusoma sheria hata siku moja, ndiyo maana anaijua yote. Kila alasiri huja kunywa kahawa. Hutoa kokwa ya tende kwa vidole viwili kama daktari anayeng'oa jino, hukitikisa kikombe asiongezwe, kisha huhukumu watu. Luay, mpwa wa Bi Rumaitha, alipokamatwa Amerika kwa kuwapakia garini rafiki zake wauza madawa ya kulevya, jirani alikohoa kwa raha.

"Hiyo ni kula njama, bibi. Kugusa si lazima. Mkishakubaliana, mzigo wa wote ni wako, na jaji hana ruhusa kushuka chini ya miaka kumi. Wallahi, sheria nzuri!"

Jana simu ya jirani ililia papo hapo mkekani. Mwanawe, Yaqoob, kakamatwa huko huko Amerika. Aliwapa wenziwe wauza madawa gari yake.

"Lakini mwanangu hakugusa kitu!" akasema jirani.

Bi Rumaitha aliinua birika. Alimmiminia kahawa, jirani akanywa. Akammiminia tena, akanywa, macho yamemtoka. Bibi akaendelea kumimina: kikombe hakijatikiswa, na sheria ni sheria.