Krismasi ya Kukhu Selina, Kutoka Kwanza hadi Mabanga

Tangu mama yangu afariki, kila Disemba mimi ndiye huwa wa kwanza kuomba zamu ya Krismasi. Wenzangu hudhani ni roho nzuri. Hunishukuru, huniachia soda ofisini, kisha huondoka kwenda kwao na mabegi yaliyojaa mikate na unga wa ngano. Mimi hubaki Kitale na ambulensi. Kwetu ni Bungoma, mbele kidogo ya Kanduyi, na huko kuna nyumba iliyofungwa ambayo sikutaka kuwa mtu wa kuifungua. Lakini mwaka jana kazi yenyewe ilinipeleka upande ule, na ndiyo safari ninayotaka kuwasimulia.

Asubuhi ya Krismasi, Tuwan, mtaa ninaoishi Kitale, ilikuwa na ile baridi ya Disemba inayouma masikio. Jirani alikuwa tayari anakaanga vitunguu. Watoto wake walisimama mlangoni wamevaa viatu vipya vilivyowazidi miguu, ili viwafae na mwaka ujao. Niliwatazama nikakumbuka gauni langu la Krismasi nilipokuwa mdogo. Mama alinunua kitambaa kimoja akatushonea wasichana wote wa nyumbani, tukaingia kanisani kama timu ya mpira. Nililia njia nzima nikitaka rangi yangu peke yangu. Leo sijui ningetoa nini ili nivae lile gauni.

Barasa, dereva wetu, alinikuta barabarani. Alikuwa amefunga tawi la mti wa ua, ule tunaouita saipresi, mbele ya gari, na juu yake amebandika vipande vya pamba kama theluji ya kwenye kadi.

"Barasa, hiyo pamba si ni ya wagonjwa?"

"Na hii gari si ni mgonjwa pia? Sikia vile inakohoa, bana. Panda twende."

Tulikuwa tumekodiwa na familia moja ya Kwanza, kaskazini mwa Kitale. Mama yao alikuwa na ugonjwa wa moyo. Hospitali ilikuwa imemruhusu kurudi nyumbani na dawa zake na mtungi wa oksijeni, maana yaliyobaki kufanywa yalikuwa machache. Alikuwa ameomba kitu kimoja tu: apelekwe Mabanga akale Krismasi na dada yake. Daktari alikubali kwa sharti kwamba asafiri kwa ambulensi, na niwe kando yake.

Kufika Kwanza, jua lilikuwa limeanza kupasha moto mahindi yaliyoanikwa kwenye maturubali kila boma. Mlima Elgon ulionekana wote, bila wingu. Kamau, kifungua mimba wa yule mama, alitupokea langoni. Ni mkulima, mwanamume mkubwa wa mwili mwenye sauti ndogo. Mama yake, Selina, alikuwa ameketi kitandani, amevaa sweta jekundu, akifunga kitambaa kichwani mbele ya kioo alichoshikiwa na mjukuu.

"Huyu ndiye daktari?" aliuliza. Watu hutuita sote madaktari, hata Barasa.

"Mimi ni mhudumu wa ambulensi. Naitwa Nekesa."

"Nekesa! Wa wapi?"

"Bungoma, kukhu."

Neno lilinitoka tu, kwa sababu ndivyo tunavyowaita bibi zetu kwetu. Mikono yake iliacha kitambaa.

"Hapa mimi ni cucu, kwa Kikuyu," alisema polepole. "Cucu wa hawa wote. Mtu wa mwisho kuniita kukhu, hata simkumbuki."

Tulipita Kitale tena bila kusimama, tukashika barabara ya Webuye. Hadi Kiminini Kukhu Selina alikuwa sawa, ameinuliwa mgongo kwenye machela, akitazama dirishani na kusema kila kitu alichokiona. Alitaka Barasa awashe king'ora.

"King'ora ni ya emajensi, mama," Barasa alimjibu kutoka mbele.

"Mimi nimekodi gari mzima na king'ora yake. Si uwashe kidogo tu?"

Kamau alicheka. Nilimwona akicheka mara ya kwanza siku ile.

Baada ya Kiminini akanisimulia. Alitoka Mabanga akiwa msichana, akaja Trans-Nzoia na kundi la wasichana kuvuna mahindi kwenye shamba kubwa. Aliyeendesha trekta pale alikuwa kijana Mkikuyu kutoka Mkoa wa Kati. Msimu ulipokwisha, wasichana wengine walirudi makwao, yeye akabaki na mwenye trekta. Baba yake alituma ujumbe: kama amechagua huko, basi akae huko. Rael, dada yake mdogo, ndiye aliyepewa nguo alizoziacha.

"Baba alipokufa nikasema sasa nitarudi. Halafu ikaja ile miaka ya makabila kuogopana, hata kupanda gari ilikuwa shida. Nilienda kumzika mama. Siku hiyo mimi na Rael tulisalimiana tu kama wageni, watu walikuwa wengi. Baadaye simu zikaja. Kila Jumapili tunaongea." Akavuta pumzi. "Sauti ya Rael naijua. Uso yake ya sasa, siijui."

Tulipofika Kamukuywa alitaka tununue ndizi, kwa kuwa mtu haendi kwao mikono mitupu. Tulisimama. Akazichagua mwenyewe kupitia mlango wa nyuma huku mwenye kuuza akimwinulia mkungu mmoja mmoja na kumwombea afya njema.

Karibu na Webuye tulikuta msongamano. Magari yaliyobeba watu wa sikukuu yalikuwa yamefungana, na pikipiki zinapenya katikati zikiwa na kuku wamening'inizwa miguu. Hapo ndipo Kukhu Selina alipoacha kusimulia. Kwanza nilidhani amesinzia. Nilipomgusa, paji lake lilikuwa na jasho baridi, na pumzi zake zilikuwa fupi, zenye mlio wa maji kama chungu kinachoanza kuchemka. Midomo yake ilikuwa inabadilika rangi.

"Barasa, weka kando!"

Niliinua machela zaidi, nikamfunga barakoa, nikafungua oksijeni. Nikampigia daktari Kitale. Akaniagiza nimdunge dawa ya kutoa maji mapafuni na ningoje. Kama hatatulia, nigeuze gari nimwingize hospitali pale pale Webuye, Krismasi au si Krismasi.

"Turudi," Kamau alikuwa akisema. "Sista, turudi nyumbani. Nilijua. Nilijua hii safari si ya mtu kama yeye."

Mama yake hakuwa na pumzi ya kubishana. Alinishika kifundo cha mkono tu, akatikisa kichwa. Nimeshikwa hivyo na watu wengi katika kazi hii, na wengi wao hawakufika. Nilimwangalia usoni nikaona ndizi zake kando ya machela, nikajikuta naomba kama mtoto anavyoomba, bila maneno yoyote ya maana.

Dawa ilifanya kazi polepole. Ule mlio wa maji ulipungua kwanza, kisha midomo ikarudi rangi yake, kisha mkono wake ukalegea juu ya wangu. Nilimpigia daktari tena. Tulikuwa tumepita nusu ya njia, na mbele kulikuwa na hospitali ya Bungoma, karibu na tuendako. Akasema twende, lakini tusikae kwenye foleni.

Barasa akawasha king'ora. Magari yakajisogeza pembeni moja baada ya jingine. Kukhu Selina alifungua jicho moja.

"Kumbe inalia," alisema ndani ya barakoa.

Saa sita ya mchana tulikuwa Mabanga. Barasa alizima king'ora tulipoacha lami, tukaingia kwenye njia ya udongo kati ya mashamba ya miwa. Kamau alikuwa amewaambia watu wa kule kwamba analeta mama, ila hakusema kwa gari gani. Boma lilikuwa limefagiwa, nyumba zimepakwa udongo mpya, na moshi wa jikoni ulinukia kuku. Wakaona ambulensi inaingia taratibu, na Kamau amekaa mbele akiwa na uso wa mtu aliyetoka kulia.

Mwanamke mmoja aliangusha sufuria. Kilio kikapanda. Kabla gari halijasimama, boma lote lilikuwa linalia, na mbele yao bibi mmoja mwembamba alikuwa anakuja mbio bila viatu, mikono kichwani, akiita kwa lafudhi ya kwetu.

"Serina! Serina wangu! Uoo, wameniretea maiti siku ya Yesu!"

Niliruka nje kuwaeleza, lakini nani angenisikia? Barasa akafungua milango ya nyuma. Kukhu Selina alivuta barakoa shingoni.

"Ni nani amekufa hapa?"

Kilio kikakatika. Hata kuku waliokuwa hai walinyamaza. Rael alisimama mikono bado iko kichwani.

"Serina?"

"Nauliza, mnalilia nani? Nimekuja kula."

Rael alianza kuipiga ambulensi makofi kwenye bati, analia na kucheka kwa pamoja. "Umekuja na gari ya maiti! Umetaka kuniua!"

"Ni ya wagonjwa," Selina alimjibu. "Sogea karibu, nikuone."

Rael alipanda ndani. Wakashikana nyuso. Sisi wengine tuligeuka kutazama miwa.

"Umezeeka vibaya," Selina alisema mwishowe.

"Na wewe umenona. Hao watu wa trekta walikurisha nini?"

Mchana tulikula kwenye kivuli cha ukuta wa nyumba: kuku wa kienyeji, ugali wa wimbi, chapati, na ndizi za Kamukuywa. Dada wale wawili walikaa sofa moja iliyotolewa nje. Rael alimnyofolea dada yake nyama kutoka kwenye mfupa, na mimi nikaangalia asizidishe chumvi, kwa ajili ya moyo wake. Vijana waliimba nyimbo za kanisani. Barasa alilala chini ya gari kana kwamba analitengeneza.

Alasiri nikasema ni wakati wa kurudi. Kukhu Selina akaniambia kwa upole, "Nekesa, mimi nalala hapa."

"Anarara hapa," Rael akathibitisha.

Kamau aliinuka. "Mama, tulikubaliana nini? Na kitu ikitokea usiku? Ukifia huku, wale wa nyumbani wataniuliza nini?" Nilimwelewa. Baba yake amezikwa Kwanza, na mahali pa mama panamngoja kando yake.

"Mimi sijasema nakufa," mama yake alijibu. "Nimesema nalala. Nikifa, unajua mahali ya kunipeleka. Lakini kwanza niache nilale na dada yangu kama tulivyokuwa tunalala."

Kamau alinigeukia, akitaka mimi nikatae. Nilimpima mama, nikampigia daktari kwa mara nyingine. Mtungi wa oksijeni ulikuwa wao, hospitali ilikuwa karibu, na pumzi zake zilikuwa tulivu kuliko asubuhi. Daktari akasema tumwache. Nilimfundisha binti ya Rael kufungua mtungi, kumwinua mgonjwa, na dalili za kumkimbiza hospitalini. Kamau aliamua kubaki. Tulipoondoka, alikuwa anaonyeshwa boma na watoto ambao hakujua kama ni binamu au wapwa zake.

Kwenye lami Barasa hakugeuka upande wa Webuye.

"Unaenda wapi?"

"Kwenu si ni hapo tu? Nimeendesha hii gari na wewe miaka yote, sista. Leo gari ni tupu. Ingia usalimie watu."

Ndugu yangu Simiyu alitukuta njiani akiwa bila shati, akidhani ambulensi imepotea. Mkewe, Nanjala, alinikumbatia akiwa na unga mikononi. Hakuniuliza kwa nini nilipotea miaka hiyo. Alinyoosha mkono tu juu ya mlango wao akanipa ufunguo.

Nyumba ya mama ilikuwa na harufu ya moshi wa zamani na vumbi. Juu darini karatasi za shashi alizokuwa akizisokota kila Krismasi zilikuwa bado zimening'inia kutoka pembe hadi pembe, za rangi ya waridi, zimefifia. Hakuna aliyezigusa. Nilikaa kwenye kiti chake nikalia mpaka nikatosheka, na hakuna aliyeniharakisha. Nanjala alileta chai akaniwekea mapajani, akafungua dirisha. Watoto wake wakachungulia, kisha wakaingia. Mdogo akauliza kama shangazi ni mgonjwa, ndiyo maana amekuja na ambulensi. Nilicheka, wakacheka, na nyumba ikapata sauti. Nilipotoka, nilimwomba Nanjala asiifunge tena. Watoto walale humo.

Jioni, barabara ya kurudi Kitale ilikuwa nyeupe kwa vumbi na watu waliotoka kutembeleana, wamebeba watoto waliolala begani. Tulipofika Kiminini, simu ililia: mama mmoja wa Tuwan ameshikwa na uchungu wa kuzaa. Barasa akakanyaga mafuta.

Kukhu Selina alikaa Mabanga mpaka shule zilipofunguliwa. Sisi ndio tuliomrudisha, na Rael alipanda naye. Aliaga dunia Kwanza wakati watu wanapanda mahindi, kitandani mwake, dada yake akiwa amelala ubavuni.

Mimi kazi yangu ni kuwatoa watu nyumbani. Nimewabeba kwenye matope, juani, na katikati ya harusi, na mara nyingi huwaona wakigeuza shingo kutazama boma lao mpaka linapotea. Nilidhani wanaangalia mali au watoto. Siku hizi nadhani wanahesabu milango ambayo walipanga kuigonga siku moja, na hiyo siku haikufika. Kama kuna mlango unaokungoja, ndugu msomaji, nenda ungali na miguu. Usingoje kupelekwa.